Mchuzi Umekuwa Maji: Mteja wa Ipuli Aseme Nini, Amwambie Nani?

Mwaka 2024 mchambuzi mmoja wa benki ya Wells Fargo ya Marekani alifanya kazi ambayo watu wa suti na tai hawajaizoea. Yeye na wenzake waliagiza mabakuli 75 ya chakula, oda ileile, kutoka matawi manane ya Chipotle jijini New York, kisha wakayapima moja moja kwenye mizani. Matokeo yake yaliwafurahisha wateja waliokuwa wakinung'unika kwa miezi kadhaa: yako matawi yaliyokuwa yakipakua takribani theluthi moja zaidi ya mengine. Aliyebahatika aliondoka na bakuli lililofura, na asiyebahatika akaondoka na wali uliotazamana na nyama kwa mbali.

Chipotle ni mtandao wa mikahawa ya chakula cha Kimeksiko. Steve Ells aliuanzisha Denver mwaka 1993, na kufikia 2024 ulikuwa na matawi zaidi ya 3,500. Mteja hupanga foleni mbele ya vyombo vya chakula cha moto na kuonyesha anachotaka: wali, maharage, nyama, kachumbari, pilipili. Mhudumu huchota na kumwekea. Kwa utaratibu wa kampuni, kipimo cha nyama ni gramu 113 hivi, lakini mkono wa mchotaji hauna mizani. Mwaka huo wateja walianza kuwarekodi wahudumu kwa simu, wakiamini kwamba kamera huongeza nyama. Mkurugenzi Mkuu wa wakati huo, Brian Niccol, alikana kwamba kulikuwa na agizo la kupunguza chakula. Julai, hata hivyo, kampuni ilikiri kwamba takribani tawi moja katika kila kumi lilihitaji kufundishwa upya namna ya kupakua.

Katika kata ya Ipuli hakuna Chipotle, wala Tabora nzima. Lakini mtu yeyote anayekula mchana kwa mama lishe wa kata hiyo anaufahamu mfumo huo kuliko Mmarekani. Masufuria yako mbele, mteja anaonyesha kwa kidole, upawa unazama na kuibuka. Hata vilivyomo sufuriani vina undugu: mahindi, maharage, nyanya na pilipili ni mazao yaliyoanza kulimwa katika nchi ambayo leo ni Meksiko na jirani zake, yakavuka bahari kuja pwani yetu na kupanda bara. Sahani ya ugali na maharage yenye pilipili pembeni ni ya Kimeksiko kwa asili kuliko vyakula vingi vinavyouzwa kwa jina hilo.

Lawama nazo zinafanana. Nyama ni vipande viwili na mfupa. Mchuzi umekuwa maji. Wali ni wa jana, umepashwa moto juujuu. Chipsi zimekaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Chakula cha dakika kumi kimefika baada ya saa nzima. Mteja afanye nini? Wengi wa Ipuli hufanya jambo moja: hula nusu, hulipa, hushukuru, na hawarudi tena. Makala haya yanawahusu hao.

Ugomvi wa kipimo una historia ndefu katika mji huu. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta kituo kikubwa cha misafara kilichokuwa kikiishi kwa hesabu ya posho. Mpagazi alikuwa akipewa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na vibaba vinne vilifanya pishi. Hesabu hiyo ilikuwa rahisi mdomoni tu, maana kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu, na kibaba cha tele, chenye kilele. Katika safari ya miezi, tofauti ya kilele hicho ilikuwa mzigo mzima wa mtama. Kwa mtu aliyebeba pembe begani tangu Ujiji, kukubaliana mapema ni kibaba kipi kulikuwa suala la nguvu za miguu.

Hapo ndipo ushauri wa kwanza unapoanzia: kuuliza kabla upawa haujazama. "Mama, sahani ya nyama ina vipande vingapi leo?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, kwani linaulizwa kabla ya kosa kutokea. Likiulizwa baada ya sahani kufika mezani, tayari ni shitaka. Mteja anayetaka mboga nyingi na wali kidogo aseme akiwa bado amesimama mbele ya sufuria. Anayetaka mchuzi uwekwe kwenye bakuli lake aseme hapohapo pia, na faida yake ni kwamba bakuli huonyesha kiasi, ilhali mchuzi uliomwagwa juu ya wali huzama na ushahidi wake.

Saa nayo ina neno. Anayefika mapema hukuta nyama bado imejaa. Anayefika saa tisa mchana hukuta kilichobaki chini, na mara nyingi maji yameongezwa ili sufuria lifike jioni. Huo si wizi. Ni namna ya mama lishe kuepuka kumfukuza mteja wa mwisho na njaa yake. Lakini anayeijua hali hiyo ana njia mbili, kuwahi au kuuliza, "Nyama ipo ya kutosha, au nile maharage?" Wauzaji wengi watasema kweli wakiulizwa kwa namna hiyo, kwa sababu maharage nayo ni biashara.

Kuna jambo jingine ambalo mteja mwenye haki hulitazama. Bei ya sahani hupenda kukaa kwenye namba ya mviringo kwa muda mrefu, hata mchele, mafuta na mkaa vinapopanda. Mchele ukiadimika kabla ya mavuno mapya, kinachosogea kwanza ni upawa, na bei inabaki palepale. Mteja hudhani ameonewa yeye peke yake, wakati sahani zote zimepungua. Kwa maoni ya mwandishi, mama lishe anayeandika bei mpya ubaoni na kuacha sahani ilivyokuwa anastahili kuungwa mkono kuliko anayeacha bei ya zamani na kupunguza wali kimyakimya. Wateja ndio wanaomfundisha ipi kati ya njia hizo mbili inalipa. Wakimkimbia wa kwanza kwa sababu ya shilingi mia tano, wasishangae wakibaki na wa pili tu.

Tuseme sasa kosa limekwisha kutokea. Wali una harufu, au kuku ndani bado ana damu. Jambo la maana kuliko yote ni kuacha kula. Sahani iliyobaki na mifupa mitupu haina wakili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa matumizi yaliyokusudiwa, na inampa mnunuzi nafasi ya kukikataa, lakini anayekitumia mpaka mwisho huonekana amekipokea. Kijiko kimoja au viwili vya kuonja vinaeleweka. Robo tatu ya sahani haieleweki.

Kisha malalamiko yapelekwe kwa mtu anayeweza kurekebisha, na yawe na ombi ndani yake. Kwenye kibanda, mwenye sufuria ndiye kila kitu, na kwa kuwa Ipuli ni mahali pa majirani, huenda akawa mama wa rafiki au mtu wa jumuiya moja kanisani. Kijana anayeanza na "Shikamoo mama, samahani, wali huu umechacha, naomba unibadilishie" amesema mambo matatu kwa pumzi moja: heshima, kosa na dawa. Anayeanza na "Chakula gani hiki?" amesema moja tu, na wateja wengine wakigeuka kutazama, muuzaji atalazimika kulinda jina lake kabla ya kulinda tumbo la mteja. Ni afadhali kuinuka na sahani, kumfuata pale alipo na kusema kwa sauti ya watu wawili.

Kwenye mgahawa mkubwa mambo hubadilika kidogo. Dada aliyeleta sahani hakupika, hakununua mafuta, na katika baadhi ya hoteli chakula kilichorudishwa hukatwa kwenye mshahara wake. Kumfokea ni kumpiga asiyehusika. Mteja aombe kumwona msimamizi, amweleze kilichoagizwa, kilicholetwa na saa ngapi, kisha aseme anachotaka: kubadilishiwa, kupunguziwa bili, au kurudishiwa fedha. Lipi kati ya hayo? Kwa chakula kilichopoa au kilichokosewa, kubadilishiwa kunatosha. Kwa chakula kilichochelewa mpaka muda wa kazi umekwisha, kufuta oda ni haki kabisa, mradi mteja aulize kwanza kama kimekwisha kupakuliwa. Kwa chakula chenye dalili ya kuharibika, arudishiwe fedha, wala asikubali sahani nyingine kutoka sufuria lilelile. Kudai kula bure kwa sababu soda haikuwa baridi kunamharibia jina mlalamikaji wa kesho mwenye sababu ya kweli.

Kuna watakaosema kwamba yote haya ni usumbufu, na kwamba mteja akihama muuzaji atajifunza mwenyewe. Mchumi Albert Hirschman alilichunguza jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, na wazo lenyewe lilimjia Afrika. Alikuwa amelitazama shirika la reli la Nigeria, lililozidi kudorora ingawa malori yalikuwa yakilinyang'anya mizigo. Kwa kawaida ushindani ungelitia shirika hilo adabu. Alichogundua ni kinyume chake: wateja wenye uwezo na sauti, ambao kelele zao zingeweza kuwaamsha wakuu wa reli, ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia kwenye malori. Waliobaki ni wale wasioweza kusema wala kuhama. Shirika halikukosa wateja ghafla kiasi cha kushtuka, ila lilikosa watu wa kuliambia ukweli.

Tabora, mji ambao reli ya kati iliufikia mwaka 1912, hauhitaji kuelezewa zaidi kuhusu reli. Lakini hesabu ya Hirschman inakaa vizuri hata kwenye kibanda cha chipsi. Mteja mwenye fedha akikuta mafuta meusi anahamia kibanda cha pili bila neno. Mwenye kibanda anaona siku moja imekuwa mbaya, kesho huenda ikawa nzuri. Mafuta yanaendelea kuchemka, na wanaoyala ni wanafunzi wasio na pa kwenda. Kusema kabla ya kuhama kunamgharimu mteja dakika moja, na muuzaji akipuuza, njia ya kuhama bado iko wazi.

Wakenya waliwahi kuonyesha nguvu ya kusema kwa pamoja. Januari 2022 matawi ya KFC nchini humo yaliishiwa chipsi. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba viazi vilichelewa baharini kwa sababu ya matatizo ya usafirishaji yaliyoletwa na janga la UVIKO. Wateja walipigwa na butwaa: viazi vya baharini vya nini, katika nchi ambayo kiazi ni zao la chakula linaloifuata mahindi kwa ukubwa? KFC ilikuwa imefungua mkahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka 2011, na miaka yote hiyo wengi hawakujua kwamba chipsi zao zilikuja zimegandishwa kutoka nje. Kampuni ilieleza kwamba wasambazaji wake lazima wapitishwe kwa viwango vya ubora vya kimataifa. Wito wa kuisusia ulipoenea mitandaoni, ilitangaza ndani ya siku chache kwamba ingetafuta wasambazaji wa ndani. Kilichosaidia ni kwamba hasira ya Wakenya ilikuwa na anwani na ombi moja linaloeleweka: nunueni viazi hapa. Hasira ya "huduma zenu mbovu" ingepita kama upepo.

Nyama choma inataka macho zaidi kuliko maneno. Inauzwa kwa kilo, na kilo hiyo hupimwa ikiwa mbichi. Jikoni maji na mafuta hutoka, hivyo nyama iliyopimwa gramu 1,000 inaweza kufika mezani ikiwa na 700 au 750 bila mtu kuiba hata kipande. Mteja asiyejua hilo hugombana bure. Anayelijua husimama kwenye mizani kabla ya nyama kwenda motoni. Atazame mambo mawili tu. Je, mshale uko kwenye sifuri kabla nyama haijawekwa? Na je, mizani ina alama ya kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo? Kisha achague kipande mwenyewe, kwa sababu mifupa nayo hupimwa. Akienda kukaa mbali na kurudi baada ya dakika arobaini, ameikabidhi kilo yake kwa imani.

Chakula cha kubeba ndicho kinachozaa ugomvi mwingi wa siku hizi, na karibu wote ungezuilika dirishani. Foili ikishafungwa, mteja na muuzaji wote wawili wanabahatisha. Ifunguliwe palepale: kipande cha kuku ni paja lililoagizwa au ni kipapatio? Kachumbari imo? Pilipili imewekwa pembeni kama ilivyoombwa? Kwa oda inayoletwa na bodaboda, afadhali ukaguzi ufanyike dereva akiwa bado hajaondoka, lakini yeye asilaumiwe kwa kilichopikwa. Anayelipa kwa simu atumie lipa namba ya biashara badala ya namba binafsi ya mhudumu, kwani ujumbe unaorudi huwa na jina la biashara, kiasi na saa, na hiyo ni risiti ya bure. Kwenye mgahawa wenye mashine ya EFD, sheria yenyewe inamtaka mnunuzi adai risiti. Mama lishe wa kibandani hana mashine hiyo, na kumdai ni kumtania.

Sasa tumbo. Hapa lawama nyingi humwangukia asiyehusika, na inafaa kwenda polepole.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama na 420,000 hufa, na kwamba kwa kulinganisha idadi ya watu, Afrika ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi. Vijidudu hustawi kwenye chakula chenye joto kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, yaani uvuguvugu wa sufuria lililoepuliwa na kusahauliwa. Chakula kilichopikwa kisikae katika hali hiyo zaidi ya saa mbili. Wali una hatari yake ya peke yake: mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kupikwa, na wali ukilala nje usiku bakteria huyo hutengeneza sumu ambayo kupashwa moto asubuhi hakuiondoi. Anayekula wali huo huweza kutapika kati ya saa moja na saa sita baadaye.

Lakini si kila ugonjwa una haraka hiyo. Salmonela huchukua kwa kawaida kati ya saa sita na siku tatu au zaidi, na aina kali ya E. koli huchukua siku tatu au nne. Kwa hiyo anayeharisha Alhamisi jioni na kumlaumu mama aliyemuuzia supu Alhamisi asubuhi huenda anamsingizia, na mwenye kosa ni mishikaki ya Jumatatu. Kabla ya kutaja jina la mtu mtaani, mgonjwa aandike alichokula siku nne zilizopita na aulize ni nani mwingine aliyeugua. Watu wawili au watatu wasiokaa pamoja, waliokula mahali pamoja siku moja, ni dalili ya maana. Mtu mmoja peke yake si ushahidi.

Kwanza ajitibu. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi hutosha kurudisha maji mwilini iwapo pakiti za ORS hazipo. Damu kwenye choo, homa kali, mtoto anayelegea au mtu asiyeweza kunywa chochote ni safari ya kituo cha afya bila kusubiri asubuhi.

Chipotle, tukiirejea kwa mara ya mwisho, inaonyesha jinsi mikono inavyoweza kuiangusha hata kampuni yenye majokofu ya kisasa. Mwishoni mwa 2015 E. koli iliyohusishwa na matawi yake iliwapata watu 60 katika majimbo 14, na kiungo kilichoileta hakikujulikana kamwe. Desemba mwaka huohuo watu zaidi ya 100 waliugua norovirusi Boston, wengi wao wanafunzi wa chuo, baada ya mfanyakazi mgonjwa kuja kazini. Februari 8, 2016, kampuni ilifunga mikahawa yake yote kwa saa kadhaa ili kuzungumza na wafanyakazi, na mwaka 2020 ilikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza mashitaka. Mara nyingi mpishi anayekuja kazini anaharisha haji kwa ukorofi, huja kwa sababu anaogopa siku isiyolipwa. Hali hiyo haiko mbali na vibanda vyetu. Mteja akimwona mpakuaji anajikunja tumbo au anapenga kamasi na kuendelea kushika sahani, ana haki ya kuondoka, na pia anaweza kumnong'oneza mwenye biashara kwamba kijana wake anahitaji kupumzika.

Na kama neno la dirishani limepuuzwa? Ngazi ziko, ila kila moja ina kazi yake. Uchafu, maji machafu, chakula kilichooza na watu kuugua ni mambo ya afisa afya wa kata au wa manispaa, ambaye Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kuingia na kukagua. Bidhaa ya kiwandani yenye kasoro, kama soda yenye mdudu au mkate ulioota ukungu kabla ya tarehe, ipelekwe Shirika la Viwango, TBS, ambalo mwaka 2019 lilikabidhiwa masuala ya chakula yaliyokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Chupa isifunguliwe, na ikiwa imefunguliwa isimwagwe. Tangazo la uongo, kama bei moja ukutani na nyingine kwenye bili, ni eneo la Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Mizani ni ya Wakala wa Vipimo. Kumpelekea afisa afya malalamiko ya vipande viwili vya nyama ni kumpotezea muda.

Aliyealikwa naye asidhani hana sauti kwa kuwa hakulipa. Kesi iliyojenga msingi huo ilianza kwenye mkahawa mdogo wa Paisley, Uskoti, Agosti 1928, pale rafiki wa May Donoghue alipomnunulia kinywaji cha tangawizi ambacho, kwa madai yake, kilikuwa na konokono aliyeoza ndani ya chupa. Yeye hakununua, hivyo hakuwa na mkataba na mtu. Mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba mtengenezaji anawajibika hata kwa mnywaji asiyemjua. Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani, lakini uamuzi huo unasomwa na kila mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki.

Hasara kubwa kuliko zote za chakula Ipuli haitokei kibandani wala mgahawani. Hutokea kwenye harusi, kipaimara na maziko, pale kamati inapolipia sahani 300 na foleni inapokatika ikiwa na watu hamsini nyuma. Siku hiyo hakuna kubadilishiwa. Mpishi anasema walikuja wasioalikwa. Kamati inasema chakula kilitoka mlango wa nyuma. Na bibi wa bwana harusi hajala. Kinachoweza kufanyika kinafanyika wiki mbili kabla, kwa karatasi. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, lakini kuyathibitisha mbele ya Mahakama ya Mwanzo ni kazi nyingine.

Karatasi hiyo itaje idadi ya sahani, aina za vyakula, vipande vya nyama kwa kila sahani na uzito wa nyama mbichi itakayonunuliwa, saa ya chakula kuwa tayari, nani anatoa maji, kuni na vyombo, na sahani ngapi za akiba. Itaje pia wapakuaji ni wa nani, maana mgeni wa meza ya mbele akipakuliwa kibaba cha tele, wa nyuma atapata mfuto, au hatapata kitu. Mjumbe mmoja wa kamati asiye na kazi nyingine akae jikoni tangu nyama inapopimwa mpaka sufuria la mwisho linapotoka, na mwingine asimame mwanzo wa foleni akihesabu sahani zinazotolewa, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo itakayomaliza ubishi jioni. Malipo yagawanywe mara tatu: ya kununulia vyakula, ya siku yenyewe chakula kinapofika, na ya mwisho baada ya wageni kula, yakikabidhiwa na mtu aliyetajwa kwa jina kwenye karatasi. Mpishi anayekataa sehemu hiyo ya mwisho kubaki mkononi mwa kamati, hata ikiwa ndogo, aulizwe sababu kabla fedha ya kwanza haijatoka.